Mtoni Tulikuwa Kumi na Mmoja

Sehemu ya tano

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa limefungia vitumbua, nakukumbusha kwa ufupi halafu tuendelee na balaa langu.

Mimi naitwa Valerian. Kazi yangu ni kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, katika kijiji kimoja cha ndani ukishaipita Kitomanga. Jina la kijiji silitaji kwa sababu bado naishi humo na bado nahitaji kuazima chumvi kwa majirani. Kazi hiyo naifanya na mwenzangu Laurenti. Mashine ni moja, sisi ni wawili: mmoja anaibeba mgongoni, mwingine anajaza unga, na tunapokezana.

Mimi na Laurenti ni wapenzi. Haya, nimelisema. Kama chai imekupalia, kohoa kwanza, nitakusubiri.

Sasa salfa, kwa asiyeijua, ni unga wa njano unaoingia kila mahali Mungu alipoweka tundu. Ukichanganyika na jasho unawasha mpaka mtu mzima anatukana ukoo wa mwenye shamba. Kwa hiyo tukimaliza kazi, wapulizaji wote tunateremka mtoni upande wa wanaume, tunavua kila kitu, na tunasuguana migongo kwa dodoki na sabuni ya mche, wawili wawili. Mgongo wako huufikii mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa tangu salfa ilipoingia huku, na hakuna aliyewahi kuuliza swali.

Wiki iliyopita niliishia pale Ismaili mgambo aliporuka kutoka kichakani, akapuliza filimbi, na kutukamata mimi na Laurenti tukiwa na mapovu mpaka masikioni. Kosa: kutenda jambo la aibu mahali pa hadhara.

Na hapa niruhusu nicheke kidogo, maana kulia kupo mbele. Mambo niliyofanya na Laurenti ni mengi, na sijutii hata moja. Lakini siku ile, Mungu wangu ni shahidi, tulikuwa tunaoga.

Tukakaa mahabusu siku tatu. Asubuhi ya Jumatano Koplo Cletus akaja na karatasi yenye mhuri, na juu yake majina yetu mawili.

"Leo mnapanda mahakamani," akasema. "Keshokutwa, Ijumaa, mnakwenda hospitali kupimwa."

"Kupimwa nini, afande?" Laurenti akauliza. "Malaria hatuna."

"Unajua."

"Sijui. Nieleze."

Koplo akaangalia ukutani.

Mimi nilikuwa najua. Watu wa namna yetu wote tunajua, habari hiyo inatembea. Unaingizwa chumbani, unaambiwa uvue, unaambiwa uiname, na mtu aliyesomeshwa kutibu wagonjwa anavaa glovu akutafute uhalifu matakoni. Halafu anaandika anachopenda kuandika. Ukitoka pale kesi si ya kuoga tena. Inakuwa ile kubwa, ambayo kifungo chake kinaanzia miaka thelathini. Mimi nina miaka thelathini na mmoja. Nilijumlisha mara moja tu, sikurudia.

"Afande, na kesi ikifutwa leo?" nikamuuliza.

"Ikifutwa leo, faili limekufa. Sina kesi, nitakupelekaje hospitali?"

Basi nikaelewa. Ama tunatoka leo, wote wawili, ama Ijumaa tunainamishwa.

Mahakama ya mwanzo ya kwetu ni nyumba ya vyumba viwili na veranda. Tulipofika, Laurenti aliingizwa kwanza kwa karani kuandikwa, mimi nikaachwa verandani nimefungwa pingu kwenye nondo ya dirisha. Hapo ndipo dada yangu Katarina aliponikuta. Alikuwa ametoka Rondo na wanakwaya wenzake, wote wamevaa sare, na amemshika mkono msichana mmoja aliyekuwa akitazama chini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unanuka kiberiti."

"Ni salfa, dada."

"Siku tatu hujaoga?"

"Kuoga ndiko kulikonileta hapa."

Hakucheka. Akamsogeza yule msichana mbele. "Huyu anaitwa Flora. Ndiye mchumba wako."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

Akafungua Biblia yake, akanionyesha bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya posa. Kwetu barua ya posa si mchezo: ikishapelekwa na kupokelewa, wewe ni mkwe wa watu, na hakuna mzee atakayekuuliza habari zaidi. Hii ilikuwa na jina langu, jina la baba yake Flora, tarehe ya mwezi wa tano, na wino ambao ungeugusa ungekuchafua kidole.

"Kaka Vale," Flora akasema kwa sauti ndogo, "mimi nitasema ndiyo mara moja, kwa leo tu. Dada Katarina alimuuguza mama yangu. Lakini kanisani siendi na wewe, tuelewane."

"Tumeelewana. Asante sana." Nikamgeukia dada. "Na Laurenti?"

Katarina akanitazama. Dada yangu ananijua tangu sijaanza shule. Kuna mambo hatujawahi kuyazungumza, wala hatujawahi kudanganyana juu yake.

"Mimi nina mdogo mmoja," akasema. "Wa wengine wataokolewa na watu wao."

Laurenti hana watu. Mama yake amekufa, na baba yake alishamwambia asikanyage tena kwake mpaka siku ya kuzika, na hata siku hiyo akae nyuma. Nilijua yote hayo, na niliiacha bahasha irudi kwenye Biblia bila kusema neno.

Halafu tukakaa kizimbani bega kwa bega. Nilikuwa na nafasi ya kumnong'oneza mara kumi. Sikumnong'oneza. Niliona haya, tena nilikuwa na woga, nikajidanganya kwamba huenda barua isihitajike.

Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani minene na sura ya mtu aliyekatishwa usingizi. Kulia kwake alikaa mzee wa baraza mwenye kofia ya darizi, kushoto mzee mwingine aliyevaa koti la suti juu ya kaptula. Ismaili akapanda kutoa ushahidi, sare imepigwa pasi, buti zinang'aa.

"Uliona nini?" hakimu akamuuliza.

"Niliwaona hawa wakitenda jambo la aibu hadharani, mheshimiwa."

"Jambo gani?"

"La aibu."

"Halina jina?"

"Sheria inaliita hivyohivyo, mheshimiwa."

Hakimu akafungua kitabu, akasoma, akakifunga. "Kweli, inaliita hivyo na haisemi zaidi. Basi wewe uliyeliona utufafanulie. Aibu ni nini?"

Ismaili akafikiri. "Ni kile kitu ambacho ukikiona, unaona aibu."

"Nani aliona aibu?"

"Mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Kichakani."

"Kwa muda gani?"

"Kama nusu saa, mheshimiwa."

Watu wakaangua kicheko mpaka karani akagonga meza. Hakimu hakucheka, ila aliandika ile nusu saa kwa herufi kubwa, niliiona.

"Mtoni kulikuwa na wanaume wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Waliovaa nguo?"

"Hakuna."

"Waliokuwa wanasuguana migongo?"

"Kumi. Mmoja alikuwa anangoja zamu."

"Uliowakamata?"

"Wawili."

"Kwa nini hawa wawili?"

"Mheshimiwa, hawa wanajulikana."

"Wanajulikana kwa lipi?"

"Wanaishi nyumba moja. Hawana wanawake. Huyu Laurenti anapika mwenyewe, tena wametundika mapazia ya maua." Akajikohoza. "Na kijijini tuliambiwa kuna kampeni ya maadili, kila mgambo alete majina. Mimi sikuwa na jina hata moja."

Mapazia yale niliyanunua mimi, mnadani, na yalikuwa yamepunguzwa bei. Kumbe nilikuwa nanunua ushahidi.

"Washitakiwa," hakimu akasema, "mna swali kwa shahidi?"

Laurenti akasimama. Mdomo wa mtu yule haujawahi kumwogopa mtu. Ndio ulionifanya nimpende, na mara nyingi ndio unaotunyima kazi.

"Ismaili, kabla hujapewa filimbi ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kupuliza salfa."

"Msimu uliopita mwenzako aliumwa ngiri, akarudi kwao Kikole. Nani alikuwa anakusugua mgongo?"

Ismaili akatazama buti zake.

"Jibu, shahidi," hakimu akasema.

"Yeye, mheshimiwa. Laurenti."

"Kwa muda gani?" Laurenti akauliza.

"Wiki tatu."

"Uliona aibu?"

"Hapana."

"Ulikuwa unaniambiaje?"

"Sikumbuki."

"Ulikuwa unaniambia nishuke chini kidogo, hapo ndipo panapowasha."

Mzee wa kofia akaivua kofia akajifunika nayo uso, mabega yanacheza. Nje dirishani watu walikuwa wanashikana ili wasianguke. Ismaili akasema kwa hasira kwamba salfa ilikuwa imemwingia kweli, na hilo nalo likawachekesha upya.

Akafuata Bi Kidawa, mwenye shamba tulilokuwa tumelipuliza siku ile. Alisimama na baibui lake kama aliyeitwa kuhukumu, si kutoa ushahidi.

"Mimi nina mikorosho mia mbili na zaidi," akasema. "Nimeajiri wapulizaji miaka ishirini na tisa. Sijaona mwanamume wa kujisugua mgongo mwenyewe. Mkimpata huyo, mkamateni, huyo ndiye wa ajabu."

"Bibi," mzee wa kaptula akauliza, "wewe mwanamke umeyajuaje ya mto wa wanaume?"

"Marehemu mume wangu alikuwa na mgongo."

Hakuulizwa zaidi.

Hakimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Utetezi una shahidi mwingine?"

Ndugu msomaji, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojiloga. Mzee wa kofia alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Ismaili alikuwa ameshuka na kukaa nyuma kabisa. Koplo Cletus alikuwa ameikunja karatasi yake ya hospitali mara nne na kuitia mfukoni. Kesi ile tulikuwa tumeshinda, mimi na Laurenti, kwa dodoki na mgongo wa Ismaili. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, hapana.

Nikakumbuka chumba kile, na glovu, na miaka thelathini.

"Yupo," nikasema.

Laurenti akanigeukia. "Nani?"

Katarina alikuwa tayari amesimama, mkono juu ya Biblia, anaapa. Akasema mdogo wake ni mtu wa heshima, ameposa tangu mwezi wa tano, ndoa ni baada ya mavuno ya korosho, mchumba mwenyewe huyu hapa. Bahasha ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa hakimu. Flora naye akaapa.

"Barua ilipokelewa nyumbani kwenu?" mzee wa kofia akamuuliza.

"Ndiyo," Flora akasema. Mara moja, kama alivyoahidi.

Wanakwaya wakapiga vigelegele. Sikuthubutu kumtazama Laurenti. Nilitazama mikono yake tu, nayo ilikuwa imetulia juu ya mapaja.

Mzee wa kofia akatikisa kichwa kwa furaha. "Basi huyu ni muoaji, mambo yamekwisha. Mtu mwenye posa hana habari na uchafu ule." Halafu akamnyooshea Laurenti kidole. "Na huyu mwingine? Barua yake iko wapi?"

"Mzee," hakimu akasema, "shauri hili ni la mtoni, si la posa."

"Mheshimiwa, posa sikuileta mimi. Wameileta wenyewe."

Ilikuwa kweli. Hakimu akanitupia jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona joto usoni.

"Kijana, una mchumba?" mzee wa kaptula akamuuliza Laurenti.

"Sina."

"Mtu mzima na akili zako, kwa nini huna?"

"Nilikuwa naye, mzee wangu," Laurenti akasema polepole. "Nimeachwa leo."

Kuna mama mmoja dirishani alisema pole. Mimi nikashika kizimba kwa mikono miwili.

Wakaingia chumba cha ndani, hakimu na wazee wake. Walikaa dakika kumi, na sauti ya hakimu ilisikika mara mbili ikipanda. Laurenti hakusema na mimi. Nilimwambia, "Lau, sikiliza." Akasema, "Nimeshasikia."

Walipotoka, hakimu alisoma bila kuinua macho.

"Mahakama hii inaamua kwa kura, na kura ya hakimu ni moja kama ya mzee. Mshitakiwa wa kwanza, kura zote tatu: aachiwe huru. Mshitakiwa wa pili, mimi nimesema aachiwe. Wazee wawili wamesema hawajaridhika na mwenendo wake. Shauri lake linaahirishwa mpaka Jumatatu. Atabaki mahabusu."

Laurenti akainua mkono uliofungwa pingu. "Mheshimiwa, naomba kuelimishwa. Tendo lilikuwa moja, na watu wawili. Kama huyu mwenzangu hakulitenda, mimi nililitenda na nani? Na kambale?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kaa chini, mwanangu," hakimu akasema.

Koplo Cletus akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti, akaomba kalamu kwa karani. Akalikata jina langu kwa mstari mmoja, kwa utaratibu, kama anayerekebisha makosa ya mwanafunzi. Likabaki jina moja. Na Ijumaa, kama unavyojua, inafika kabla ya Jumatatu.

Wakanifungua pingu. Katarina akanikumbatia mbele ya watu, kitu ambacho hajakifanya tangu tumzike mama. Wanakwaya wakanizunguka, mmoja ananipangusa salfa begani kwa leso. Wote walikuwa na furaha ya kweli, na mimi nilitamani wanipige.

"Hongera, bwana harusi," Laurenti akasema kutoka kizimbani.

Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. Angenitukana ningepata nafuu. Nilimwona alivyo mwembamba kati ya askari wawili, shati langu la bluu limemwishia juu ya kiuno, na nikajichukia kwa namna ambayo siwezi kuiandika gazetini. Nampenda mtu yule. Nimempenda miaka minne, na nilimtoa kama mtu anayetoa kiti kwa mgeni.

"Mheshimiwa!" nikaita.

Hakimu alikuwa ameshasimama na mafaili kwapani. "Wewe si umeachiwa?"

"Nina neno, mheshimiwa. Juu ya ile barua."

Watu waliokuwa wanatoka wakaganda mlangoni. Katarina akanikamata mkono, kucha zikaingia. Flora akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kuanza kulia bila sauti.

Hakimu akarudi kitini. Akanitazama mimi, akamtazama dada yangu, akamtazama Koplo Cletus na karatasi yake.

"Valerian," akasema, na hakuwahi kunitaja kwa jina asubuhi yote, "dada yako na yule binti wameapa mbele yangu. Kama barua ile ni halali, toka mahakamani kwangu na usirudi. Kama si halali, hao wawili hawarudi Rondo leo, watalala ndani, nami sitakuwa na la kufanya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

"Haya. Sema neno lako."

"Vale," Katarina akasema sikioni mwangu, "nina watoto wanne nyumbani."

Kule kizimbani Laurenti alikuwa ananitikisia kichwa, nyamaza, nyamaza. Koplo akaifunua kalamu. Watu wote wakarudi wakakaa, mabenchi yakalia, na mimi nikafungua mdomo.